Tusimhukumu mgonjwa wa kongosho kabla hajapimwa



Katika mitaa yetu ya Bweri, na hata ukienda Bunda au Butiama, mtu akianza kukonda huku akilalamikia tumbo la juu, maneno ya watu humfika kabla hajamfikia daktari. Akiwa mwanamume, watasema anakunywa gongo kwa siri. Akiwa mwanamke, watasema karogwa. Akiwa kijana, watanong'ona kuwa ana ukimwi. Yeye mwenyewe atanunua dawa za vidonda vya tumbo dukani, atameza za minyoo, atameza za taifodi, na mwezi utapita bila nafuu. Muislamu hatakiwi kumdhania mwenzake vibaya, na katika maradhi dhana mbaya ina hasara ya pili: inamchelewesha mgonjwa kupimwa.

Kiungo kimoja kinachosahauliwa sana katika maumivu ya namna hiyo ni kongosho. Leo, inshaallah, tujifunze kongosho linafanya kazi gani, linapimwaje kwa kutumia homoni, na familia ya Kiislamu ifanye nini inapoambiwa kuwa mgonjwa wao anahitaji kipimo hicho.

Kongosho ni nini?

Kongosho ni tezi iliyolala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Urefu wake ni kama sentimita 15 na uzito wake hauzidi sana gramu 100. Kwa udogo huo limepewa na Mwenyezi Mungu kazi mbili kubwa.

Kazi ya kwanza ni kutengeneza maji ya kusagia chakula, zaidi ya lita moja kila siku. Maji hayo hupita katika mfereji mwembamba na kumwagika kwenye mwanzo wa utumbo mwembamba. Ndani yake mna baikabonati, ambayo huzima ukali wa tindikali inayotoka tumboni, na vimeng'enya ambavyo huvunja mafuta, protini na wanga. Bila vimeng'enya hivyo, mtu anaweza kula sato na ugali akashiba, lakini mwili ukabaki na njaa.

Kazi ya pili ni kutengeneza homoni zinazoingia moja kwa moja kwenye damu. Insulini hushusha sukari, na glukagoni huipandisha. Ndiyo maana kongosho likiharibika sana, mgonjwa anaweza kupata matatizo mawili kwa pamoja: chakula hakisagiki, na kisukari kinaingia.

Kwa nini kulitazama tu hakutoshi?

Mfugaji yeyote wa mkoa wetu wa Mara anajua kuwa huwezi kujua maziwa ya ng'ombe kwa kutazama chuchu zake. Unamleta ndama anyonye kidogo, ng'ombe anashusha maziwa, kisha unakamua na kupima katika kibuyu. Ndama ndiye anayetoa amri, na kibuyu ndicho kinachotoa jibu.

Kongosho nalo ni hivyo hivyo. Picha ya ultrasaundi inaweza kuonyesha umbo lake, uvimbe au vijiwe vya nyongo. Eksirei ya tumbo inaweza kuonyesha vijiwe vilivyoganda ndani ya kongosho lenyewe. Lakini picha hizo haziwezi kukuambia linatoa maji kiasi gani. Hata kipimo cha damu cha amilesi na lipesi, ambacho madaktari hukitumia sana, hakipimi nguvu ya kongosho. Hicho huonyesha kama kongosho limeumia na kuvuja wakati huo. Kongosho lililochoka kwa miaka mingi linaweza kutoa majibu ya kawaida kabisa katika kipimo hicho.

Liko jambo jingine la kuzingatia. Kongosho limeumbwa na akiba kubwa. Mafuta huanza kuonekana kwenye choo pale nguvu yake ya kutoa vimeng'enya inaposhuka hadi kama asilimia 10 tu ya kawaida. Maana yake, mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya kongosho lake bila dalili ya wazi. Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia ya kuliamrisha lifanye kazi kwa nguvu, kisha wapime lilichotoa.

Amri inatoka wapi?

Mwaka 1902, jijini London, wanasayansi William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa yote ya fahamu iliyokwenda kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakaweka tindikali ndani yake. Watu wengi wa wakati ule walidhani kongosho halitafanya kitu, kwa kuwa mishipa imekatwa. Lakini lilitoa maji kama kawaida. Wakatambua kuwa ukuta wa utumbo umetoa kitu kilichosafiri katika damu na kulifikia kongosho. Kitu hicho wakakiita sekretini. Mwaka 1905 Starling akaanza kutumia neno homoni kwa vitu vya aina hiyo. Kwa hiyo homoni ya kwanza kuitwa kwa jina hilo ilihusu kongosho.

Baadaye ilifahamika homoni ya pili, kolesistokinini, ambayo utumbo huitoa unapopata mafuta na protini. Sekretini huamrisha kongosho litoe maji yenye baikabonati, na kolesistokinini huamrisha litoe vimeng'enya, na pia huibana nyongo imwage majimaji yake.

Vipimo vya kuliamrisha kongosho

1. Kipimo cha sekretini. Mgonjwa hali chakula usiku kucha. Asubuhi mpira mwembamba hupitishwa mdomoni au puani hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Kisha huchomwa sekretini kwenye mshipa, na maji yanayotoka hukusanywa kila baada ya dakika 15 kwa muda wa saa moja. Kongosho zima hufikisha baikabonati ya angalau milimoli 80 kwa lita. Likishindwa kufika hapo, limedhoofika. Badala ya sekretini, au pamoja nayo, inaweza kutumika kolesistokinini ili kupima vimeng'enya. Kipimo hiki kinasifiwa kwa kugundua udhaifu mapema, lakini kinachosha, kina gharama, na hufanyika katika vituo vichache duniani. Siku hizi baadhi ya hospitali kubwa za nje huchoma sekretini mgonjwa akiwa ndani ya mashine ya MRI, na mifereji ya kongosho huonekana ikijaa.

2. Kipimo cha glukagoni. Hiki huuliza ile kazi ya pili, yaani insulini. Mgonjwa huchomwa miligramu 1 ya glukagoni kwenye mshipa, na damu huchukuliwa kabla ya sindano na tena dakika 6 baadaye. Kinachopimwa ni kipande kiitwacho si-peptaidi. Kongosho linapotengeneza insulini, kipande hiki hukatika na kuingia kwenye damu pamoja nayo, mfano wa pumba zinazobaki mahindi yanapokobolewa. Ukiona pumba, unajua mashine imekoboa. Insulini ya sindano haina kipande hicho, kwa hiyo hata mgonjwa anayejichoma kila siku anaweza kupimwa na ikajulikana kongosho lake mwenyewe linatoa kiasi gani. Baada ya sindano, si-peptaidi ikiwa chini ya nanomoli 0.2 kwa lita, insulini yake karibu imekwisha. Ikizidi 0.6, bado anayo ya kutosha. Mgonjwa anaweza kusikia kichefuchefu kwa muda mfupi.

3. Kipimo cha kunywa glukosi. Hiki ndicho kilicho karibu zaidi nasi. Mgonjwa aliyelala bila kula hupimwa sukari, hunywa gramu 75 za glukosi katika maji, na hupimwa tena baada ya saa 2. Glukosi huamsha homoni za utumbo na kongosho, kwa hiyo nacho ni kipimo cha kuliamrisha. Sukari ya 7.0 au zaidi kabla ya kunywa, au 11.1 na zaidi baada ya saa 2, ni kisukari. Kati ya 7.8 na 11.0 baada ya saa 2 ni onyo. Mtu asiye na dalili zozote hurudiwa kipimo siku nyingine kabla ya kuambiwa ana kisukari.

4. Kipimo cha choo. Hiki hakina homoni wala sindano. Hupima kimeng'enya kiitwacho elastesi, ambacho hupita utumboni bila kuvunjika. Kikiwa chini ya maikrogramu 200 kwa gramu moja ya choo, kongosho linashukiwa. Chini ya 100, udhaifu ni mkubwa. Hakigundui vizuri udhaifu mdogo wa mwanzo, lakini sampuli inaweza kusafirishwa mgonjwa akabaki nyumbani, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu wa Mara.

Usafi wa sampuli ya choo

Andaa kopo safi kutoka maabara. Usichukue choo kilichochanganyika na mkojo au maji ya kutawadhia. Tandika karatasi au mfuko safi, chukua kiasi cha punje ya maharage kwa kijiti chake, funga, kisha utawadhe na unawe mikono kwa sabuni. Andika jina na tarehe. Choo cha kuharisha maji matupu huweza kutoa jibu la uongo, kwani kimeng'enya huwa kimezimuliwa. Mwambie mtaalamu, naye atakuambia usubiri.

Kanda yetu ya ziwa na kongosho

Asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya Ulaya tu. Ng'ambo ya ziwa letu, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, madaktari M. D. Thompson na H. C. Trowell waliandika mwaka 1952 kuhusu watoto wenye kwashakoo. Walipima maji ya utumbo wao na kukuta vimeng'enya vya kongosho vimepungua sana. Mwaka 1960, daktari A. G. Shaper, naye wa Kampala, akaandika kuhusu maradhi sugu ya kongosho na upungufu wa protini. Mafunzo yaliyotoka katika mwambao huu wa Nyanza yanatuonyesha kuwa njaa ya protini inaweza kulidhoofisha kongosho la mtu ambaye hajawahi kuonja pombe.

Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilitambua aina ya kisukari inayohusiana na utapiamlo. Mwaka 1999 likaiondoa katika orodha yake kwa kuona ushahidi hautoshi. Mwezi Aprili 2025, katika mkutano uliofanyika Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likaitambua upya na kuiita aina ya tano. Mgonjwa wa aina hii huwa kijana, mwembamba, na insulini yake ni pungufu. Hapa ndipo kipimo cha kuliamrisha kongosho kinapokuwa na faida ya kweli, kwani kumpa mgonjwa dawa bila kujua kongosho lake limebaki na nini ni kubahatisha.

Na muhogo je? Wapo waliodai kuwa sumu ya muhogo mchungu ndiyo inayoharibu kongosho. Mwaka 1992 watafiti wa Tanzania, akiwemo Profesa Andrew Swai na Profesa Donald McLarty, walichapisha utafiti wa jamii ya hapa nchini inayokula muhogo, na hawakukuta kuwa sumu hiyo inaleta kisukari. Hata hivyo, usiache kuuandaa muhogo vizuri. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime katika mkoa wetu huu walipooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo, baada ya kula muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo. Uloweke au uuvundike, uanike vizuri hadi ukauke, na ule pamoja na dagaa, samaki, maharage au maziwa. Mtoto anayeachishwa ziwa asipewe uji mtupu.

Dalili za kuangalia

Nenda kituo cha afya ukiona haya: maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni na kurudi mara kwa mara, choo kingi chenye mafuta, kinachonuka sana na kugoma kuondoka na maji, kukonda ingawa unakula, kisukari kwa mtu mwembamba ambaye tayari ana maumivu hayo.

Maumivu yakiwa makali ghafla, pamoja na kutapika, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Macho yakigeuka manjano usichelewe pia, kwa kuwa huenda mfereji wa nyongo umezibwa na kijiwe au uvimbe.

Pombe ni sababu mojawapo kubwa, nayo ni haramu kwetu. Lakini vijiwe vya nyongo, sigara, mafuta mengi katika damu, baadhi ya dawa, matumbwitumbwi na urithi navyo huharibu kongosho. Daktari akikuuliza kuhusu pombe, usikasirike, na kama uliwahi kunywa, mwambie ukweli. Yeye anatafuta tiba.

Suala la nguruwe

Hapa pana swali ambalo kila nyumba ya Kiislamu itauliza, nalo ni halali kuulizwa. Kwa miaka mingi sekretini ya vipimo ilitolewa katika utumbo wa nguruwe. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha sekretini ya aina ya binadamu iliyotengenezwa kwa njia ya kemia. Glukagoni nayo, iliyokuwa ikitolewa katika kongosho la wanyama, sasa hutengenezwa maabara. Insulini ya aina ya binadamu imekuwa ikitengenezwa kwa kutumia vijidudu tangu mwaka 1982. Kwa hiyo mgonjwa asikatae insulini kwa kusikia habari za zamani.

Ugumu umebaki katika tiba moja. Vidonge vya vimeng'enya, ambavyo mgonjwa humeza pamoja na chakula, kwa sehemu kubwa vinatokana na kongosho la nguruwe, na mbadala wenye nguvu sawa haupatikani kwa urahisi. Qur'an Tukufu katika Suratul Baqara, aya ya 173, imetaja haramu hiyo na ikataja pia hali ya mwenye kudharurika. Usiache dawa kimya kimya, wala usimeze huku moyo una dhiki. Mwulize daktari: dawa hii inatokana na nini? Kuna nyingine? Nikiiacha nitapata madhara gani? Majibu hayo yapeleke kwa sheikh wako. Sheikh akijua ukubwa wa haja ataweza kukupa jibu la hali yako, na daktari akijua wasiwasi wako ataweza kutafuta njia.

Kipimo na funga

Kufunga kwa ajili ya kipimo si saumu. Mara nyingi maji matupu huruhusiwa, kwa hiyo uliza. Kipimo cha kunywa glukosi kinafungulisha, basi kama si cha haraka, kipangwe nje ya Ramadhani. Kutobolewa kidole kupima sukari, wanavyuoni wengi wanasema hakufungulishi. Mwenye kongosho lililoumia au anayetumia insulini aonane na daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani. Rukhsa ya mgonjwa ni rehema ya Mwenyezi Mungu, asione haya kuitumia.

Ufanye nini ukiwa Bweri?

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Pima sukari. Omba rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa iliyoko Kwangwa, na ueleze dalili zako kwa mpangilio: zilianza lini, choo kikoje, umepungua kilo ngapi. Ultrasaundi na eksirei zinaweza kutoa mwanga mwingi kabla ya kufikiria vipimo vya gharama. Ukiambiwa uende Bugando, Mwanza, au Muhimbili, uliza kwanza kwa simu kama kipimo ulichoandikiwa kinafanyika na bei yake, kabla hujakata tiketi pale stendi ya Bweri. Beba picha zako na majibu yote ya nyuma, usianze upya kila mahali.

Kama kipimo cha sekretini hakipatikani, usikate tamaa. Daktari anaweza kuunganisha dalili, picha, sukari na kipimo cha choo, akafikia uamuzi. Na pale ambapo haiwezekani kupima, anaweza kukujaribu kwa vimeng'enya na kuangalia kama uzito unarudi na choo kinatengemaa.

Kwa walio wazima, wajibu wetu ni mwepesi. Jirani akikonda, tusimpe jina la ugonjwa wala la dhambi. Tumsindikize akapimwe, tumchangie nauli, tumwombee shifaa.

Wabillahi tawfiq.